MAISHA YA DAKTARI DENIS BURKITT

Katika muhula huu Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri. Najua ya kuwa wenzangu wengi walitazamia nichague mtawala au shujaa wa vita. Mimi nimemchagua daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka ishirini na kufariki mwaka 1993. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, kazi yake kubwa aliifanya hapa hapa Afrika ya Mashariki, na tofauti iliyopo kati ya nchi ya chini kama kwetu Kahe na miteremko ya Kilimanjaro inahusika sana na uvumbuzi wake. Ya pili ni ya nafsi yangu. Mimi ni mgonjwa wa matumbo, na dawa ninazotumia zina undugu na kazi ya mtu huyu. Jambo hilo nitalieleza litakapofika mahali pake.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, karibu na mji wa Enniskillen katika nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege. Aliwafunga vipete miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anakaa wapi na mpaka wake uko wapi. Nawaomba wasomaji waikumbuke ramani hiyo, maana mtoto aliirithi akili ya baba yake.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, Denis alipatwa na msiba. Watoto walikuwa wakirushiana mawe, jiwe moja likampiga usoni, akapoteza jicho. Tangu siku ile alitazama ulimwengu kwa jicho moja tu. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Baadaye, kwa ajili ya imani yake ya dini, aliona kuwa wito wake ni kutibu watu, akahamia masomo ya udaktari na kuyamaliza mwaka 1935. Mwaka 1938 alifuzu mtihani wa madaktari wa upasuaji mjini Edinburgh.

Sasa alitaka kuja Afrika. Aliomba kazi katika idara ya utabibu ya makoloni, akakataliwa kwa kuwa alikuwa na jicho moja. Waliomkataa walifikiri kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mpasuaji katika nchi za mbali. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alichukuliwa jeshini kama daktari, akapelekwa Kenya, Somalia na Ceylon. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye walijaliwa binti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya Afrika, na safari hii alikubaliwa. Mwaka 1946 alifika Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, ambako alikuwa daktari wa eneo kubwa sana. Huko aliona jambo ambalo wengine walilipita tu. Ugonjwa wa busha ulikuwa mwingi sana upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili ulikuwa nadra. Burkitt hakuridhika kuwapasua wagonjwa na kuwaruhusu waende zao. Aliuliza kila mgonjwa anatoka wapi, akaweka alama kwenye ramani. Akawa anaifanya kazi ya baba yake, ila badala ya ndege sasa aliwachora wagonjwa.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja ya mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Jipu au kidonda huwa mahali pamoja. Je, ni kitu gani kinachoota mara moja katika pembe nne za kinywa? Hakupata jibu, na mtoto yule hakuweza kuokolewa.

Wiki chache baadaye alikwenda Hospitali ya Jinja. Akiwa wodini alitazama nje dirishani, akamwona mama ameketi na binti yake mdogo mwenye uso uliovimba. Akatoka mbio kwenda kumpima. Taya zilikuwa vile vile, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Kesi moja ingeweza kuwa ajabu tu, lakini kesi mbili zilimwonyesha ya kuwa kuna ugonjwa mmoja ambao haujaandikwa. Akarudi Kampala, akafungua majalada ya zamani ya hospitali, akaona ya kuwa watoto wengi walikuwa wamekufa kwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na sehemu nyingine. Madaktari walikuwa wameupa kila uvimbe jina lake kwa kufuata kiungo ulichokishika. Burkitt alisema yote ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto thelathini na wanane. Leo ugonjwa huo, ambao ni saratani ya chembe nyeupe za damu, unaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Swali lililofuata lilikuwa swali lake la siku zote: ugonjwa huu upo wapi, na wapi haupo? Alipewa msaada wa paundi ishirini na tano tu. Kwa fedha hizo alipiga chapa karatasi zenye maswali na picha, akazituma kwa posta kwenye hospitali nyingi za Afrika. Majibu yalipofika alichomeka pini kwenye ramani ya ukutani. Pini zikafanya kama mkanda ulioivuka Afrika katikati, pande zote mbili za mstari wa ikweta, na mkia ulioshuka kuelekea Msumbiji.

Ili ajue mwisho wa mkanda huo kwa upande wa kusini, alianza safari mwezi wa Oktoba, 1961. Alikwenda na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika motokaa kuukuu iliyonunuliwa kwa paundi mia mbili na hamsini. Walisafiri wiki kumi, maili elfu kumi, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza habari za watoto wenye taya zilizovimba. Wasomaji watakumbuka kwamba katika wiki hizo hizo, tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata Uhuru wake.

Safari ile ilileta jawabu kubwa. Mpaka wa ugonjwa haukuwa mpaka wa makabila wala wa serikali, bali wa hali ya nchi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba sana juu ya futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini penye baridi zaidi, ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Palipo na baridi hapakuwa na ugonjwa, na palipo pakavu pia haukuonekana sana. Ulipenda joto na mvua.

Sisi wa Moshi hatuhitaji kwenda mbali ili tuelewe neno hili. Mtu akisimama Kahe, penye stesheni ya reli, yupo katika futi zipatazo 2,300 juu ya bahari. Nchi ni tambarare, joto ni jingi, maji ya mifereji hutuama mashambani, na mbu hawana haya. Akiinua macho anaiona Kilimanjaro, na migombani juu huko Kibosho na Marangu watu hulala na mablanketi. Kwa saa chache za safari mtu huhama kutoka nchi ya homa ya malaria na kuingia nchi ya baridi. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana wengi walilima bondeni na kulala mlimani. Burkitt alilionyesha kwa ramani, na wanasayansi wenzake walipoitazama walifikiri mara moja habari za mbu. Siku hizi imejulikana kwamba mtoto anayeugua malaria kali mara kwa mara, naye ana virusi fulani mwilini, ndiye aliye katika hatari ya limfoma hiyo.

Virusi hivyo vilipatikanaje? Mwezi wa Machi, 1961, Burkitt alitoa hotuba katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, kijana mtaalamu wa virusi. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitapelekwa London kwa ndege kutoka Kampala. Kazi ilikwenda zaidi ya miaka miwili bila mafanikio. Hata siku moja ndege ilizuiwa na ukungu ikatua mji mwingine, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamekuwa meupeupe. Mtu mwingine angekitupa. Epstein alikitazama kwa darubini, akaona ya kuwa chembe zenyewe zilikuwa hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana ya kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

Lakini mzazi mwenye mtoto mgonjwa hataki ramani, anataka dawa. Uvimbe huu hukua upesi kupita saratani nyingine, hata waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kisu kilishindwa, na mashine za kuchoma saratani kwa mionzi hazikuwapo Afrika ya Mashariki wakati huo. Burkitt, ambaye kazi yake ilikuwa kisu, akakiweka chini na kujaribu dawa za sindano na vidonge zilizokuwa ngeni siku hizo, mojawapo ikiwa methotrexate. Uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa siku chache, na watoto kadhaa walipona kabisa. Habari hii iliwashangaza madaktari wa Ulaya na Marekani, maana wengi hawakuamini kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Hapa ndipo maisha yake yanapokutana na yangu. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilianza kuumwa tumbo, nikaharisha miezi na miezi, nikakonda mpaka nguo za shule zikanipwaya. Kwa muda ilidhaniwa kuwa ni kifua kikuu cha matumbo, kwa sababu magonjwa haya mawili hufanana sana. Mwisho nilipimwa kwa mpira mwembamba wenye kamera, na vipande vya utumbo vikatazamwa kwa darubini. Ukaonekana ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Katika ugonjwa huu majeshi ya ulinzi ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utumbo wenyewe na kuuchoma. Hauambukizi, wala hautokani na kurogwa. Utumbo hupata vidonda, huwa mnene, na njia ya chakula huweza kuziba.

Kwanza nilipewa prednisolone. Maumivu yakapungua, lakini uso ukavimba ukawa mviringo kama mwezi, na kila kipimo kilipopunguzwa ugonjwa ulirudi. Ndipo daktari alipowaeleza baba na mama habari za dawa za kibayolojia. Dawa hizi hazichanganywi kwa kemikali tu kama aspirini. Hutengenezwa na chembe hai zinazofugwa kiwandani, nazo ni kingamwili zilizochongwa kushika kitu kimoja tu. Njia ya kuzitengeneza iligunduliwa Cambridge mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ya kwanza iliyoruhusiwa kwa ugonjwa wa Crohn ilikuwa infliximab, huko Marekani mwaka 1998. Yangu inaitwa adalimumab. Hukamata kitu cha mwilini kiitwacho TNF, ambacho ni kama kuni katika moto wa matumbo yangu.

Daktari hakutuficha hatari zake. TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kukifungia kifua kikuu kilicholala mapafuni, na katika nchi yetu wengi wanacho bila kujua. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza nilipigwa picha ya kifua, nikapimwa kifua kikuu, homa ya ini na Ukimwi. Tena alisema kwamba dawa za kutuliza kinga ya mwili zaweza kuongeza kidogo hatari ya limfoma. Mama aliposikia neno saratani alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni lazima. Daktari alimjibu kuwa hatari hiyo ni ndogo, na hatari ya kuuacha utumbo uzibe au utoboke ni kubwa zaidi. Baba alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya vipimo. Alinigeukia na kuniuliza mimi mwenyewe, kwa maana mwili ni wangu. Nikasema nitaanza.

Siku ya kwanza nilidungwa sindano nne, baada ya wiki mbili sindano mbili, na tangu hapo moja kila wiki mbili. Dawa hutakiwa kukaa katika ubaridi wa digrii 2 hadi 8, wala isigande. Kwa nchi kama Kahe hilo si jambo dogo. Wakati wa likizo naisafirisha katika kikasha chenye barafu, nikiifunga kitambaa ili isiguse barafu yenyewe, na umeme ukikatika tunachunga mlango wa jokofu usifunguliwe ovyo. Bei ni kubwa, ingawa imeshuka tangu viwanda vingine viliporuhusiwa kutengeneza dawa za mfano huo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumab katika orodha ya dawa za lazima.

Pamoja na sindano hiyo nameza kidonge mara moja kwa wiki, nacho ni methotrexate, ile ile ambayo watoto wa Mulago walipewa, ila kwa kipimo kidogo. Nao watoto wenye limfoma ya Burkitt siku hizi, mahali inapopatikana, huongezewa rituximab, ambayo ni kingamwili ya kiwandani, ndugu wa dawa yangu. Sijapona, maana ugonjwa huu haujapata dawa ya kuumaliza. Lakini nilipoanza nilikuwa na uzito wa kilo 42, na leo nina 51, tena sikukosa kipindi hata kimoja muhula huu.

Nirudi kwa Burkitt. Mwaka 1966 aliondoka Uganda akarudi Uingereza, na wengi walidhani kazi yake imekwisha. Kumbe alianza ya pili. Yeye na Trowell walikumbuka kwamba katika miaka yao ya Mulago mara chache sana waliona magonjwa yaliyojaza hospitali za Ulaya: kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, bawasiri, vijiwe vya nyongo. Akauliza tena, kwa nini huku yapo na kule hayapo? Aliziandikia hospitali za misheni, akalinganisha vyakula, hata akapima kinyesi na muda ambao chakula hukaa tumboni, bila kuona haya. Katika habari aliyochapisha na wenzake mwaka 1972, chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita kwa siku moja u nusu hivi, na cha Waingereza kilichukua siku tatu au zaidi. Tofauti aliiona katika makapi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, maharage na mboga, ambazo Wazungu walizitoa kinuni na kuzitupa.

Si yote aliyoyafikiri yaliyothibitika. Chanzo cha ugonjwa kama wangu hakimo katika makapi peke yake. Hurithiwa kwa sehemu, na vijidudu vya tumboni na maisha ya mjini vinatajwa pia. Lakini kwamba nafaka isiyokobolewa hupunguza saratani ya utumbo mpana, jambo hilo limeshikwa na wataalamu mpaka leo. Tena sisi tulioanza kuudharau ugali wa dona na kuona fahari katika mkate mweupe na soda, tunaelekea kule alikokuwa akiwatoa Waingereza. Naomba tu mgonjwa asitumie maneno haya kama cheti cha dawa. Mimi, utumbo ulipokuwa mwembamba, nilikatazwa makande na maganda, na mama alinipikia mtori laini. Kila mgonjwa na asikilize daktari wake.

Burkitt alipata heshima nyingi. Mwaka 1972 aliingizwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akapata Tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Wanafunzi wenzangu, mtu huyu hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na jicho moja, paundi ishirini na tano, ramani, pini, na motokaa kuukuu. Aliwauliza wagonjwa wanatoka wapi, na jibu akaliandika. Katika wilaya yetu, kutoka Kahe mpaka ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro, yapo maswali ya namna hiyo ambayo bado hayajaulizwa: kwa nini ugonjwa huu upo bondeni na haupo mlimani, na ule upo mjini na haupo kijijini? Walimu wetu wa Baiolojia na Jiografia wanatupa kalamu na ramani kila siku. Na wazazi wanaosoma ukurasa huu nawasihi jambo moja: mtoto akiharisha na kukonda kwa miezi, au taya lake likivimba, msingoje. Mpelekeni hospitali mapema, na mkiambiwa habari ya dawa ngeni, ulizeni maswali yote mliyo nayo kabla ya kukataa au kukubali.